Kumnyoosha Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Mei

Leo nimempeleka Mama hospitali. Naandika wazi ili Bonge wangu akikua asome: Mama ni bibi yake, mama mkwe wangu. Mimi namwita Mama tu, maana aliyenizaa alitangulia nikiwa natambaa, na jina hilo lilikuwa limekaa bure.

Goti lake la kulia limekataa kazi. Tunakaa ghorofa ya tatu. Siku hizi Mama anapanda ngazi kwa makalio, kinyumenyume, mkoba mapajani, anawasalimia majirani wanaopita juu yake kama malkia kwenye kiti. Akifika juu ananiambia hajambo. Uso unasema jambo.

Daktari ni kijana, miwani kubwa kuliko mashavu. Alibandika picha ya goti kwenye taa. Alisema kwenye ncha za mifupa kuna gegedu, ile nyeupe ngumu tunayoitafuna kwenye paja la kuku. Mama ana matege, tena ya kuzaliwa nayo. Kwa hiyo uzito wa mwili haugawanyiki sawa, unaelemea upande wa ndani wa goti. Upande wa nje gegedu ipo. Upande wa ndani imelika, mfupa umelalia mfupa. Akatoa mfano wa mlango uliolegea bawaba: unasugua sakafu kwa kona moja tu. Nikaelewa papo hapo! Mlango wetu wa choo ndivyo ulivyo.

Mama akauliza kuhusu maji baridi. Daktari akasema maji baridi hayahusiki kabisa.

Tangu niolewe Mama hajagusa beseni la nguo. Baridi yabisi, anasema, akigusa maji tu goti linalia. Nimefua mimi. Mashuka mimi, mapazia mimi, hata zulia. Nikamtazama Mama. Mama akatazama dari.

Dawa tulizopewa ni maneno matupu: apunguze mwili taratibu, ashike mkongojo mkono wa kushoto, amwone dada wa mazoezi aimarishe misuli ya paja, vidonge siku maumivu yakizidi. Hakuna hata sindano! Mama alikuwa amevaa gauni la sikukuu kwa ajili ya sindano.

Jioni akaja Wifi, dada yake Baba Bonge. Wifi ana nyumba ya chini, ana vigae, na ana sauti. Akasema mwisho wa mwezi anamchukua Mama, kwake hakuna ngazi hata moja, na mtu na akili zake hamwachi mzazi kupanda ghorofa kwa matako. Baba Bonge akasema hebu tuone. Hilo ndilo jibu lake kwa kila kitu. Bomba likipasuka, hebu tuone.

Mimi nikasema sawa wifi yangu, umefikiri vizuri. Mdomo ndio uliosema. Moyo ulikuwa umeshaanguka mpaka kwenye ndara. Mama ndiye aliyenifundisha kumwogesha Bonge bila kumziba pua. Mama ndiye anayecheka hadithi zangu hata zile zisizo na mwisho. Akiondoka nitabaki na hebu tuone.

Halafu, nikiwa namenya vitunguu, akili ikafunguka. Tatizo ni nini? Mguu umepinda. Dawa ya kilichopinda ni nini? Kunyoosha! Daktari kasoma miaka yote ile, kitu kidogo kama hiki kikampita. Simlaumu. Kitabu kingi nacho huziba macho.

Jumanne, 7 Mei

Nimeanza. Nilimweleza Mama mpango baada ya chakula cha mchana. Akiunganisha vifundo vya miguu, katikati ya magoti panapita paka. Basi tuyafunge magoti yakutane, alale hivyo, mfupa uzoee. Mti mchanga si unafungiwa kijiti? Mama akasema yeye si mchanga. Nikamwambia moyo wake ni mchanga. Akacheka, akakubali. Nikachukua mkanda wa Baba Bonge, ule mpana wa kazini, nikamfunga kwa upole, nikamfunika shuka. Akasinzia.

Nikashuka kuanika nguo. Ndiyo, nimefua tena.

Sasa, nani alipita ngazi za mbele mimi nikiwa uani? Wifi! Akabisha hodi. Mama, mtu wa heshima, hawezi kuacha mgeni mlangoni. Akasahau kuwa kafungwa. Akasimama, akaruka, akaruka tena, akajitupa kwenye kochi la mbao kama gunia. Mlango haukuwa na komeo.

Nilivyoingia Wifi alikuwa ameushika ule mkanda kwa vidole viwili. Akaniuliza ni mbuzi gani huyu ninayempeleka sokoni. Nikamweleza sayansi yenyewe, bawaba na kona ya mlango. Akasema kona atanionyesha yeye. Mama akajaribu kunitetea, akasema hata hakuumia sana. Neno “sana” ndilo lililoniponza.

Kuhama si mwisho wa mwezi tena. Ni Jumapili ya tarehe kumi na tisa.

Baba Bonge alichouliza ni mkanda wake uko wapi tu.

Jumatano, 8 Mei

Wifi kaleta soksi ya goti. Inabana, nyeusi, ina mistari ya fedha. Muuzaji kamwambia ndiyo wanayovaa wachezaji mpira. Mama akauliza wachezaji hao wana mapaja ya namna gani. Tulimvalisha watatu: Wifi akivuta, mimi nikisukuma, Mama akiomba msamaha kwa dhambi asizozijua. Ikaingia. Kutoka ikagoma. Mguu chini ya goti ukaanza kubadilika rangi.

Niliikata kwa mkasi wa jikoni. Sikufurahi. Yaani, nilijizuia kabisa nisifurahi.

Wifi akasema tatizo si soksi, ni namna nilivyosukuma.

Jambo moja zuri: Wifi alipoinama kuokota vipande, nilimwangalia miguu. Yake haijapinda nje kama ya Mama. Imepinda ndani, magoti yanasalimiana akitembea. Na daktari alitaja hilo pia, kwamba wenye magoti ya kukutana wao mzigo unaelemea upande wa nje. Kila mtu na kona yake! Nilitaka kumwambia. Nikaona mkasi bado niko nao mkononi, nikaenda kuurudisha jikoni.

Ijumaa, 10 Mei

Leo nimelia. Nilikuwa namwogesha Bonge. Anasimama mwenyewe sasa, kitambi mbele, anatembea hatua chache kama mlevi mwenye furaha. Nikamtazama miguu. Matege! Katikati ya magoti kikombe cha chai kinapita, tena na mkono wake. Nimekijaribu.

Nikaona maisha yake yote: Bonge mzee, Bonge anapanda ngazi kwa makalio, mkamwana wake ananung'unika. Nikambeba hivyo hivyo na povu kichwani hadi kliniki ya watoto.

Nesi akacheka mpaka akashika meza. Akasema watoto wa umri huu karibu wote wako hivyo. Akitembea tembea, kufikia miaka miwili hivi miguu itanyooka yenyewe, halafu magoti yatakutana kidogo, halafu yatakaa sawa. Akasema nirudi kama yatazidi, au mguu mmoja ukipinda kuliko mwenzake. Akanipa kitambaa nimfute povu.

Nilirudi nikiimba. Lakini njiani neno likanikaa: akitembea tembea, itanyooka yenyewe. Sasa kama ya Bonge inanyooka kwa kutembea, ya Mama ilikosa nini? Ilikosa kutembea! Mama amekaa kwenye cherehani tangu ujana wake. Hakumaliza kunyooka tu, maskini. Aliishia njiani.

Basi alasiri nikawaweka wawili kwenye korido, bibi na mjukuu, wakitembea wameshika ukuta. Bonge alikuwa anaanguka na kucheka. Mama alikuwa haanguki wala hachekei kitu. Nikawa mbele nikipiga makofi na kuwaita njoo, njoo, njoo kwa mama. Jirani wa mlango wa pili akatoka akauliza ni dini gani hii.

Saa ya chai goti limevimba kama papai. Mama kasema si kutembea, ni hali ya hewa. Bonge kasinzia na kipande cha mkate mdomoni. Yeye amefaidika.

Jumatatu, 13 Mei

Tumeenda kwa dada wa mazoezi. Nilitegemea mashine. Ana kiti. Akamkalisha Mama, akamwambia anyooshe mguu mbele, aubane msuli wa paja, ashikilie, ashushe polepole. Tena. Tena. Eti paja likiwa na nguvu, goti linapata mtu wa kulisaidia kubeba. Basi! Nikamuuliza kwa heshima kama hiyo ndiyo yote, au nyingine iko kabatini. Akasema hiyo ndiyo, kila siku, kwa miezi. Msuli si uji, akasema, hauivi kwa kukorogwa.

Miezi! Na lori la Wifi la kumhamisha ni Jumapili.

Nikamuuliza kama hakuna kitu cha kuusukuma mguu urudi. Akasema wapo watu wachache wanaopata nafuu kwa kuwekewa kabari ndogo ndani ya kiatu, upande wa nje, ili mzigo upungue kule ndani kulikolika. Lakini si kila mtu, na lazima kwanza ampime, amwone anavyotembea, turudi wiki ijayo. Baada ya “kabari” sikusikia tena. Mama alikuwa anasinzia mguu ukiwa juu.

Kabari! Kama ya kuzuia mlango. Kila kitu katika ugonjwa huu ni mlango, nashangaa hawajaajiri seremala.

Nikapitia kwa fundi viatu wa pale kona na viatu vya Mama vya kila siku. Yuko chini ya mwavuli, ameshika misumari kwa meno, anaongea nayo. Nikampa mafunzo yote: gegedu, matege, mzigo. Akasema anajua, hata yeye mgongo wake ni hivyo hivyo. Viatu vilikuwa vimelala kifudifudi mapajani mwake, soli juu, cha kulia kulia, cha kushoto kushoto. Nikamwonyesha kwa kidole: hapa pembeni, na hapa pembeni, huku nje. Nikamwambia aweke vyote viwili ili mguu wa kushoto usione wivu. Akakata mpira wa tairi, akapiga gundi, akapiga misumari, akapiga na picha ya kazi yake.

Mama kavivaa jioni. Akasimama. Akashika ukuta. Akasema anasikia tofauti.

Anasikia tofauti! Nimeruka mpaka Bonge kaogopa.

Jumanne, 14 Mei

Mama kashinda kutwa nzima na viatu vyangu vya kabari. Anatembea kama bata mwenye miadi. Nikimuuliza vipi, anasema vizuri mwanangu, vinafanya kazi. Nimempigia Wifi nikamwambia asihangaike na lori. Akacheka kile kicheko chake cha puani. Akasema Jumapili atajionea.

Nimewaambia majirani wote ngazi nzima. Mmoja mwenye mgongo mbovu kaniomba ushauri. Nimemwambia nitalifikiria.

Alhamisi, 16 Mei

Sitaki kuandika leo. Naandika.

Baba Bonge karudi mapema kazini. Kakuta viatu vya Mama mlangoni. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu hakusema hebu tuone. Kavichukua, kavigeuza, kavisimamisha sakafuni, kavitazama kwa mbele na kwa nyuma. Akaniita. Akauliza hizo kabari zilitakiwa ziwe upande gani. Nikasema nje. Akasema basi mbona ziko ndani.

Nikavitazama. Ziko ndani. Viatu vikilala kifudifudi, nje inakuwa ndani! Nilimwonyesha fundi pembeni, kumbe ile pembeni ni ya katikati. Siku zote hizi kabari zimekuwa zikisukuma miguu izidi kwenda nje. Nimemwongezea matege. Ule mzigo wote nimeurudisha pale pale palipolika, na misumari juu yake.

Nikaenda chumbani kwa Mama. Alikuwa ameweka kitambaa cha maji kwenye goti. Cha maji ya baridi. Aliponiona akakificha chini ya mto. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema nilikuwa nimefurahi sana, na yeye hajaona mtu akimfurahia hivyo tangu marehemu baba mkwe aliponunua redio.

Nikalia. Akanivuta kichwa mapajani, upande wa mguu mzima. Akasema Wifi ni mwanawe na anampenda, lakini kule mtu akinywa chai anafuatwa na kitambaa cha kupangusa. Hapa kwangu anamwaga anavyotaka. Akasema pia, polepole, kwamba ngazi zinamtisha. Kila akishuka anaona siku atakayojiviringisha mpaka chini akiwa na Bonge mgongoni. Hilo hakuwa amelisema kwa mtu.

Bonge kaingia, kapanda kitandani, kakaa juu ya goti lenyewe.

Nimezing'oa kabari kwa koleo. Moja imegoma. Fundi yule anajua kazi yake.

Jumapili, 19 Mei

Wifi kaja na lori dogo na wabebaji wawili. Nilikuwa na mpango. Niliulaza msumeno kwenye droo ya jikoni, nikatafakari miguu ya kitanda cha Mama. Kitanda kilichovunjika hakihami. Lakini Mama alikuwa ameshaamka, amevaa, amekunja mashuka mwenyewe. Alikuwa amekaa pembeni ya kitanda ananyoosha mguu mbele, anabana, anashikilia, anashusha. Anahesabu kwa sauti na Bonge anarudia, yote kwake ni “bii”.

Akaniambia nikae. Akasema anaenda. Anaenda kwa miguu yake na kwa hiari yake, na si kwa sababu ya mkanda wala kabari. Anaenda kwa sababu ya ngazi. Dada wa mazoezi kasema miezi, basi atakaa miezi, apate paja. Paja likipatikana atarudi kupanda ngazi hizi akiwa amesimama, na nisithubutu kumpa mtu chumba chake. Nikamuuliza lisipopatikana? Akasema basi nitashuka mimi, nina miguu miwili iliyonyooka na kazi yake ni nini.

Wifi alikuwa mlangoni, amesikia. Nilitegemea anicheke. Akasema tu kwamba asubuhi yeye yuko dukani kwake, na Mama hawezi kushinda na vigae peke yake, kwa hiyo nikija na mtoto nisigonge kama mdai, niingie. Halafu akaharibu: akasema tuvue viatu.

Mama kashuka kwa makalio mara ya mwisho. Ngazi baada ya ngazi, gauni la sikukuu, mkoba mapajani. Majirani wakasimama pembeni. Mimi nilishuka mbele yake kinyumenyume, mikono wazi, nikimwita njoo, njoo, njoo. Safari hii alicheka.

Nyumba ni kubwa leo. Baba Bonge kasimama kwenye mlango wa chumba cha Mama muda mrefu. Nikasubiri lile hebu tuone lake. Hakulisema.

Alhamisi, 23 Mei

Nimekuwa naenda kwa Wifi kila asubuhi na Bonge. Tunavua viatu. Mama anafanya mazoezi kwenye kiti, mkongojo mkono wa kushoto kama alivyoambiwa. Leo katembea mpaka getini na kurudi, hakuguna. Uvimbe umeshuka. Dada wa mazoezi kaja kumpima, kasema anaendelea vizuri, na hahitaji kabari kabisa, aendelee na paja. Wifi anasema ni vigae. Dada wa mazoezi anasema ni paja. Waache waseme. Mimi ninayejua, najua: zile kabari ziliushtua mfupa. Mfupa uliolala lazima kwanza ushtuliwe.

Lakini mwendo huu ni wa kobe. Nimemuuliza dada wa mazoezi lini Mama atapanda ghorofa tatu, akasema tusihesabu. Tusihesabu! Mimi naosha vyombo vya watu watatu na kikombe chake kipo kabatini hakina mtu.

Leo, Mama akiwa bafuni, nimekaa kwenye kitanda chake nikawaza. Mchana anakaa, sawa, anabana paja. Lakini usiku je? Saa zote zile goti limelala tu, halifanyi kazi! Na mzigo ni kitu gani? Mzigo hufuata mteremko, hata mtoto anajua, mwaga maji uone. Sasa kitanda kikiinuliwa upande mmoja, mwili wote unateremka taratibu kuelekea upande ule wenye gegedu nzima, kule ndani kunapumzika mpaka asubuhi. Ni kweli tupu! Sijui kwa nini hospitali vitanda vyote ni bapa.

Nyuma ya nyumba ya Wifi kuna matofali yaliyobaki kwenye ujenzi. Nimeyapima kwa macho. Mawili kila mguu wa kitanda wa upande huo yanatosha, labda matatu. Bonge nimemvisha koti lenye mfuko mkubwa wa kuyafichia, tukishikwa tutasema anacheza.

Mama sijamwambia. Nataka aamke tu, ajikute amenyooka.